Ghala la Atupele

"Mwenye ghala kwao hapangiwi bei mjini." Wajukuu walimsikia shangazi yao akimjibu hivyo dalali wa vibarua, wakamuuliza Bibi Sekela neno hilo limetoka wapi. Bibi akaweka kando maharage aliyokuwa akichambua. "Lilizaliwa hapa hapa kijijini," akasema, "nalo lilianza hivi."

Ambakisye alikwenda Mbeya kubeba zege. Kila alichotuma nyumbani, mkewe Atupele alikigeuza mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, akayafungia ghalani. Majirani walimcheka: wenzake wanapaka nyumba rangi, yeye ananunua magunia! Ambakisye mwenyewe aliona haya kidogo.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Vijana wakamiminika mjini, wakajipanga kwenye mageti ya majengo tangu alfajiri. Siku ya kumwaga zege la ghorofa ya pili, mchanganyiko umeshakorogwa, msimamizi Kasebele akapanda juu ya rundo la matofali.

"Kuanzia leo ujira ni nusu. Asiyetaka, geti lile pale. Watu ni wengi."

Vichwa viliinama. Ambakisye naye aliinamisha chake. Kisha akakumbuka magunia. Akatua karai.

"Nusu mpe nusu mtu," alisema. "Mimi ni mzima."

Kasebele akacheka. "Utakula nini, wewe?"

"Ugali wa mke wangu. Hata mwaka mzima."

Akawageukia wale wa getini. "Ndugu zangu, najua njaa ndiyo imewaleta. Lakini leo ni nusu yangu, kesho itakuwa robo yenu. Asiye na chakula aje kwangu. Mahindi yapo."

Hakuna aliyevuka geti. Ndani, makarai yakatuliwa moja moja. Jua likapanda, zege likaanza kuganda, jasho likamtoka Kasebele.

"Rudini! Ujira ule ule!"

"Na hawa wa getini?" Ambakisye akauliza.

"Nao pia!"

Walimwaga zege hadi jioni. Kesho yake Ambakisye alifukuzwa, yeye peke yake. Alirudi kijijini kichwa juu. Familia nne za wale vijana zilikula kwa Atupele msimu ule, mpaka ghala likabaki vumbi, na hakumdai mtu.

Waliomcheka wakaanza kujenga maghala. Mvua iliporudi, vijana wetu walikwenda tena Mbeya, na kila walipotajiwa nusu walijibu kwa sauti moja, bila kuinamisha kichwa: mwenye ghala kwao hapangiwi bei mjini.