Kishikio cha Upande wa Kushoto

Wapendwa, funikeni Biblia zenu kidogo. Neno tumelisoma, na kwaya imeimba hadi jasho likawatoka. Sasa nipeni masikio tu, maana leo nina jambo linalonikera tangu Jumanne, na nikilimeza litanisumbua tumboni.

Palikuwa na mji mmoja wa reli. Msiniulize ni upi. Mji huo ulikuwa na kituo, na karakana, na yadi ambamo kichwa kimoja kikuukuu cha treni kilishinda kutwa kikisukuma mabehewa huku na huku. Kichwa kile hakikuwahi kusafiri hata kufika stesheni ya jirani. Lakini watu wa mji walikipenda, kilikuwa chao. Ukisikia honi yake ulijua chai imechelewa.

Siku moja ikatangazwa kwamba kituo kinaadhimisha miaka mingi tangu kujengwa, na mgeni rasmi anakuja kutoka makao makuu. Jamani, mnajua mgeni rasmi akitajwa kinachotokea. Mawe yakapakwa chokaa. Miti nayo ikapakwa chokaa hadi kiunoni, sijui nani aliwaambia miti inaona haya. Mbuzi wa watu wakafukuzwa. Na kamati ikaongeza shindano: kila mwenye mikono ya ufundi atengeneze kitreni kidogo, cha bati au cha mbao, kinachofanana na kile kichwa cha yadini. Sharti likabandikwa mlangoni pa ofisi ya tiketi, kwa herufi kubwa: kifanane nacho kwa kila kitu, kama kilivyo.

Mwamuzi alikuwa fundi mstaafu wa karakana. Mzee yule alikuwa na jicho, acheni! Alikuja na lenzi na rula ya chuma, na kamati ikampa mchoro wa kiwandani wa kichwa kile, akautandaza mezani. Akaanza. Kitreni cha kwanza akakisogeza kando: "Bomba la moshi limenenepa." Cha pili: "Ribiti, hizi pini za kushikia bati mlangoni, mbona chache? Nyingine zimekwenda sokoni?" Cha tatu kilikuwa kinang'aa vizuri sana, watu wakakishangilia. Yeye akakinusa, akasema, "Hii ni rangi ya baiskeli." Mwenye kitreni akakibeba kwapani, akaondoka akisonya.

Basi akakifikia kitreni cha mama mmoja fundi bati, yule aliyekuwa akiwatengenezea watu majiko na vibatari. Msidhani ni mama mpole wa kukaa pembeni. La! Alikuwa mama wa maneno, ukimpunja bei mtaa mzima unajua. Alikuwa amekata makopo ya mafuta ya kupikia, akayakunja, akayalehemu, akapaka masizi pale penye masizi. Mwamuzi akainama na lenzi yake. Akaguna kwa raha.

"Mama, hata hili bonyeo la mbele umeliweka?"

"Si lipo?"

"Lipo. Nilikuwepo lilipotokea, kiligonga kizuizi siku ya mvua." Mzee akacheka peke yake. Watu wakaanza kunong'ona kwamba kikombe kimepata mwenyewe.

Kisha akakigeuza. Upande wa kushoto lenzi ikasimama. Pale ubavuni, juu ya kikanyagio, mchoro ulionyesha kishikio, fimbo ya chuma iliyosimama wima ya kushikwa na anayepanda. Kwenye kitreni cha mama hapakuwa na kitu. Palikuwa na vishina viwili tu, kama meno yaliyokatika.

"Hapa umesahau, mama."

"Sijasahau, mzee."

Wapendwa, hapo kila mtu katika ukumbi ule wa kituo akatazama viatu vyake. Na nitawaambia kwa nini. Kwa sababu kila mtu pale alijua. Kile kichwa chenyewe kilikuwa nje, dirishani palepale, kinanguruma, na upande wake wa kushoto hakikuwa na kishikio. Kilikatika zamani. Mwamuzi alijua, kamati ilijua, muuza karanga alijua. Na mdogo wake yule mama alijua kuliko wote, maana alikuwa mpanga mabehewa. Mpanga mabehewa ndiye anayening'inia ubavuni mwa kichwa cha treni akimpungia dereva bendera, nenda, simama. Kila siku kijana yule, ndugu yake wa tumbo moja, alipanda kwa kushikilia ukingo wa dirisha kwa ncha za vidole. Dereva akifunga breki ghafla, vidole vile ndivyo vilivyokuwa kati yake na magurudumu.

Mwamuzi akakohoa. "Ukikiacha hivi nitakukata alama."

"Kwa kosa gani?"

"Hakifanani na mchoro."

"Sharti mlilobandika linasema kifanane na mchoro, au na kichwa kama kilivyo? Dirisha lile pale, mzee. Chungulia."

Niwaulize nyinyi: alichungulia? Mzee mwenye jicho la kuhesabu ribiti, aliyenusa rangi, alichungulia dirishani? Hakuchungulia. Aliinamia mchoro wake kama vile ndiyo kwanza anauona.

Mwenyekiti wa kamati akaja mbio, kashika leso. "Mama, tafadhali. Kipande cha waya tu, unalehemu, dakika moja imekwisha. Mgeni rasmi atasema nini?"

"Atasema anachokiona."

"Basi tukiweke ubavu wa kushoto ukutani. Upande wa kulia ni mzuri sana."

Mnamsikia? Tukiweke ukutani! Na msimcheke, maana hiyo hekima ya ukutani tunayo wote.

Ndipo yule mdogo wake mwenyewe akapenya katikati ya watu, kofia mkononi, akamvuta dada yake kando. "Dada, nakuomba. Weka huo waya. Watasema mimi ndiye niliyekutuma. Nitafukuzwa kazi."

Hili ndilo lililomuuma yule mama. Mwenyekiti hakumtisha hata kidogo, lakini huyu anayetetewa ndiye anayemwambia anyamaze. Machozi yalimlengalenga. Akamwambia, "Kazi utatafuta nyingine. Mguu ukikatika utautafuta wapi?"

"Mbona siku zote napanda na sijaanguka?"

"Na siku utakayoanguka, watakaokuja kunipa pole ni hawahawa. Watakula wali wangu wa matanga na kusema ni mapenzi ya Mungu. Sitaki."

Akarudi mezani, akakigeuza kitreni ubavu wa kushoto ukatazama watu, akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

Mgeni rasmi akaingia. Ngoma, vigelegele, shada la maua. Alikuwa mtu wa sauti ya upole, hakuwa mtu mbaya. Akapita meza baada ya meza akisifu, akafika kwa mama, akakipenda kitreni chake kuliko vyote. Akanyoosha kidole. "Hapa naona fundi wetu hajamalizia."

Mwenyekiti akadakia, "Mheshimiwa, alipitiwa kidogo."

"Sikupitiwa," mama akasema. "Mheshimiwa, hiki nimekimaliza. Ambacho hakijamalizwa kiko nje."

Mgeni rasmi akatabasamu, kama mtu mzima anavyomtabasamia mtoto aliyesema neno zito mbele ya wageni. "Sawa, sawa. Mpeni kipande cha waya aweke, kipendeze."

Yule mama akamwangalia usoni, akasema, "Siku mtakapokiweka kile, na mimi nitakiweka hiki."

Wapendwa, mngependa niwaambie kwamba watu walipiga makofi. Hakuna aliyepiga. Mwamuzi akatangaza mshindi huku akitazama dari, na kikombe kikaenda kwa kitreni kingine, kizuri, chenye vishikio pande zote mbili. Yaani mzee aliyemkatia mtu alama kwa rangi ya baiskeli alikipa kikombe kichwa cha treni ambacho hakipo duniani! Mgeni akala pilau, akaondoka. Mama akabeba kitreni chake nyumbani. Mdogo wake hakumsindikiza, wala hakumuaga.

Asubuhi yake yule ndugu akaripoti kazini kama kawaida, kanuna. Akaweka mguu kwenye kikanyagio. Mkono ukapanda juu. Miaka yote mkono ule ulikuwa umezoea kutokikuta kishikio, ukawa unakwenda wenyewe dirishani. Asubuhi ile ukakitafuta. Ukapapasa vile vishina viwili. Kijana akashusha mguu chini.

"Sipandi," akasema.

Msimamizi akashangaa. "Jana si ulipanda?"

"Jana nilipanda. Leo sipandi."

"Nitamwita mwenzako."

"Mwite."

Mwenzake akaitwa. Akaja, akatazama ule upande wa kushoto, akamtazama mwenziwe, akaenda akasimama kando yake. Akaitwa wa tatu, naye akasimama. Mabehewa yakakaa. Simu zikaanza kulia ofisini. Na kabla ya saa sita mchana fundi wa kulehemu akatokea amebeba kipande cha bomba la chuma, kirefu, kizuri, kimepakwa mafuta kisishike kutu.

Kimetoka wapi? Stoo! Kilikuwa stoo siku zote! Haukuwa uhaba wa chuma, wapendwa. Ulikuwa uhaba wa mtu wa kusema sipandi.

Sasa tuje kwetu. Sisi nasi ni mafundi wa kukagua. Tunajua dada gani wa kwaya sketi yake imepanda, na mzee gani kasinzia wakati wa mahubiri, na hata Mama Nkwabi akikosea ubeti mmoja kuna mtu anamtazama. Jicho tunalo! Ila jicho letu linaishia mezani. Halivuki dirisha. Tukiambiwa kuna mtu ananing'inia kwa ncha za vidole, tunauliza kwanza nani kasema, na kwa nini ameyasema leo, mbele ya wageni. Na anayening'inia tumemfundisha vizuri hata yeye mwenyewe anatuombea tusisumbuliwe. Huo mnauita unyenyekevu? Mimi naukataa. Kristo hakuja kutupaka chokaa.

Nimesema kuna jambo la Jumanne. Jumanne kamati ya mapokezi ilikaa, nami nikiwepo. Mzee Kasunzu wa kamati, usiinamishe kichwa, sina ugomvi na wewe, nakula kwako kila Krismasi. Kamati imeandaa vizuri: maua, chakula, gwaride la vijana. Na ikapendekeza kwamba Jumapili ijayo, askofu akija, kwaya isimame pale kushoto, safu tatu, iuzibe ule ufa wa ukutani. Geukeni muutazame. Wote, geukeni, msione aibu. Unaanzia kwenye dirisha unashuka hadi sakafuni, na mkono wangu unaingia. Nimeuingiza.

Na chini ya ule ufa pana nini? Pana mkeka. Mkeka wa watoto wa shule ya Jumapili. Watoto wetu wanakaa pale wiki baada ya wiki wanaimba kwamba Mungu ni ngome, na migongo yao imeegemea ukuta ule.

Basi sikilizeni, na mwenye kutaka kunishitaki jimboni anishitaki, anwani anaijua. Kwaya haitasimama pale. Kwaya itasimama mahali pake pa siku zote. Na kile kiti kikubwa cha askofu, chenye kitambaa cha zambarau, nitakibeba mwenyewe kwa mikono hii, nitakiweka palepale kwenye mkeka, mgongo wake uelekee ukutani. Akiniuliza kwa nini, nitamjibu kwamba hapo ndipo tunapowaweka tunaowapenda.

Naona mnaguna. Naona Mzee Kasunzu anatikisa kichwa, anasema huyu mchungaji kachanganyikiwa, ukuta ukimwangukia baba askofu je? Vema. Asimame hata mmoja wenu anayeona pale ni hatari kwa askofu, anieleze kwa nini si hatari kwa mtoto wa Mama Mihayo anayekaa hapo.

Nasubiri.