Mipira Sita ya Mwalimu Ntandu

Mtu mmoja alikuwa na mipira sita na watoto mia nne. Jina lake Ntandu, mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko bara, mahali pa upepo na vumbi, na mipira yenyewe hakuinunua yeye. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba michezo irudi shuleni kama somo kamili, na kila shule ikaletewa mipira, filimbi, pampu na waraka. Waraka ulisema hivi: mwaka ukitimia, afisa michezo wa wilaya atapita, na shule atakayoiona inafaa itafanywa kituo cha michezo cha tarafa nzima, iletewe mwalimu wa ziada na vifaa vya kutosha.

Ntandu alikitaka kituo kile kuliko alivyopata kutaka kitu chochote. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Utoto wake wote alipiga mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba, na mpira wa kweli hakuugusa mpaka alipofika chuo cha ualimu. Basi ile sita ilipofika aliitoa kwenye gunia mmoja mmoja, akainusa. Hakuwa mtu mbaya. Naomba mlishike hilo, maana habari yote iko hapo.

Aliiweka kwenye kabati la ofisini, akatia kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Kila Ijumaa aliitoa, akaijaza upepo, akaifuta, akaipaka mafuta ya mgando kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Uwanja nao akaupanda nyasi, akatoa amri kwamba asiyetumwa kumwagilia asikanyage. Kipindi cha michezo kilikuwepo kwenye ratiba, Jumanne na Alhamisi, na hakikukosa hata mara moja. Watoto wa darasa la tano walikaa kwenye madawati wakanakili kwamba kila timu ina wachezaji kumi na mmoja na kwamba mkimbiaji huinamisha kifua mbele. Wakafanya mtihani, wakafaulu, tena vizuri tu.

Mwalimu wa michezo alikuwa dada mmoja aitwaye Tabu Mkoma. Alisomea kazi hiyo na miguu ilikuwa inamwasha. Aliomba mpira mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa nyasi hazijashika, mara ya pili ikawa mvua. Mara ya tatu Ntandu alimweleza kwa upole kwamba afisa akikuta mpira umechunika, atakayeulizwa ni mwalimu mkuu, wala siyo yeye. Tabu akarudi darasani, akauchora uwanja ubaoni. Simlaumu sana, kazi alikuwa anaihitaji.

Watoto nao walikuwa wanajifunza. Msidhani mtoto hukaa bure. Siku za Ijumaa, mpira ukimponyoka mwalimu mkuu ukabingirika barazani, aliyekuwa karibu aliukimbilia, akaufuta kwa shati, akaurudisha ofisini, na huko akasifiwa mbele ya wenzake.

Mwaka ukatimia. Afisa akaja asubuhi, mtu mfupi, mtaratibu, viatu vimejaa vumbi. Ntandu akamfungulia kabati: mipira sita inang'aa, filimbi bado imo kwenye karatasi yake. Afisa akampa hongera. Wakatoka kwenda uwanjani, na nyasi zilikuwa kijani kutoka goli hadi goli. Afisa akatembea mpaka pale anaposimama kipa, pale ambapo kila uwanja wa shule huwa na upara, akatazama chini. Nyasi zilimfika kwenye vifundo vya miguu. Aliomba aitiwe watoto ishirini na wawili.

Wakaja, mashati wamechomekea. Walisimama nje ya mstari, wakavua viatu, na hakuna aliyethubutu kuingia mpaka walipoamriwa mara ya pili. Afisa akapuliza filimbi, akaurusha mpira katikati. Ukadunda, ukabingirika, ukapita katikati ya watoto waliokuwa wakiujua kwa maandishi. Moyoni Ntandu alikuwa akiomba mtu mmoja tu, yeyote yule, aupige.

Akachomoka binti wa darasa la tano, Nyamizi. Mbio alikuwa nazo, hata afisa alinyanyua kichwa. Akaufikia mpira, akainama, akauokota kwa mikono miwili. Akaufuta kwa sketi yake, akaja nao mpaka alipo mwalimu mkuu, akapiga goti akamkabidhi.

"Nimeuwahi, mwalimu," alisema. "Haujachafuka."

Alikuwa anatabasamu, anasubiri kusifiwa kama kawaida. Ntandu akaupokea, angefanya nini? Yale mafuta yakamtelezesha vidole. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka, lakini alimwambia mtoto ahsante, kwa sababu mtoto hakukosea kitu, alikuwa amefanya kile kile alichofundishwa. Afisa akafunga faili lake. Kituo kilikwenda shule ya ng'ambo ya korongo, ambako uwanja ni vumbi tupu na mipira iliyosalia ni miwili, mmoja wao umeshonwa kwa uzi wa gunia.

Ntandu aliuvua ufunguo siku ile ile, akampa Tabu. Ilichukua muhula mzima watoto wale kuacha kuinama na kuokota mpira kila ulipowapitia miguuni.

Sasa nawauliza ninyi mliokabidhiwa vitu kwa ajili ya watoto wa watu: siku aliyewapa atakapokuja kuangalia, mtamfungulia kabati, au mtamwitia mtoto?