Pimbi, Kiboko na Mafuta ya Steringi

— Hodi, hodi! Hadithi iko mlangoni!

— Ikaribie, tumekaa!

— Imebeba nini?

— Imebeba utamu!

Utamu gani? Mikono yangu imejaa grisi tangu asubuhi, nanyi mnataka utamu! Leo imebeba mafuta ya steringi. Kaeni vizuri.

Hapo kale Pimbi alikuwa na kigari cha kusambazia mikate. Nani huyo anauliza pimbi alipata wapi leseni? Nyamaza! Alikuwa na kigari, na kigari hicho ndicho kilichowalisha watoto wake. Siku moja steringi ikawa nzito. Akikata kona, kwiii! Akirudi nyuma, kwiii! Akafungua boneti, akachungulia kwenye kikopo cha mafuta ya steringi. Mafuta meusi tititi.

Akanunua mapya, mekundu. Akaweka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, akainua ya mbele kwa jeki. Akachomoa mpira unaorudisha mafuta kwenye kikopo, akauelekeza kwenye dumu. Sasa alitakiwa mtu wa kuzungusha steringi, gari likiwa limezimwa, ili mafuta machafu yatoke huku yeye akimimina mapya. Mikono ya pimbi mnaijua. Akavuta, akaning'inia. Wapi!

Mara, gudu, gudu, gudu! Kiboko huyo. Jirani yake, yule anayekuja bila kuitwa na kuondoka na mikate bila kuulizwa.

"Wewe Pimbi, gari usiloweza kulizungusha si lako. Nalichukua mimi!"

Akajipenyeza kwenye kiti cha dereva, tumbo likakwama. Jamani! Watoto wa mwenzako wanangoja chakula, wewe umekikalia! Pimbi alimeza hasira, akasema kwa upole:

"Sawa, Mzee Kiboko. Tushindane. Atakayezungusha wa mwisho, gari ni lake."

"Utasubiri sana!"

"Haya. Kushoto mpaka mwisho!"

Kiboko akazungusha. Mafuta meusi yakaingia dumuni, chururu! Pimbi akamimina mapya.

"Kulia mpaka mwisho!"

Kiboko akazungusha. Chururu! Pimbi akamimina.

"Umechoka, mzee?"

"Mimi? Nichoke?"

Kushoto, chururu! Kulia, chururu! Unasema nini huko nyuma, Mwakio? Wewe ungemshinda Kiboko? Haya, nimekusikia.

Mafuta yakatoka mekundu, safi. Kiboko jasho likamtoka, mikono ikalegea, akalala juu ya honi. PIIIII!

Pimbi akarudisha mpira, akajaza kikopo, akashusha jeki. Akaingia kwa dirisha, akawasha gari. Akaigusa steringi kwa kidole. Swii, kushoto. Swii, kulia.

"Umeniibia!" Kiboko akafoka. "Mimi nilizungusha gari likiwa limezimwa, zito; wewe umeliwasha, likawa jepesi!"

"Hukuuliza, mzee. Shuka, mikate inapoa."

Ikabidi asukumwe ndipo tumbo likwamuke. Siku hiyo watoto wa Pimbi walikula, na Kiboko alikunywa maji.

— Hadithi inaaga!

— Iende salama!

— Imeacha nini?

— Imeacha funzo!

Funzo ni hili: usiguse kamwe steringi ya mtu, hata akikusifia nguvu zako. Mmesikia wote? Vizuri.

Sasa, Mwakio, gari langu liko uani juu ya jeki tangu asubuhi. Njoo, baba, tuone kama kweli ungemshinda Kiboko.