Machozi ya Sultani Muhtadi

Alitawala katika mji wa Marijani sultani aliyeitwa Muhtadi, na raia walimpenda mapenzi ya kupita kiasi, kwa kuwa aliketi na mafukara akala nao sahani moja, na akisikia habari za yatima machozi yalimtiririka. Lakini kila alipoingia ndani na kuvua pete yake ya akiki, mkewe, Bi Muzne, aliuona uso mwingine, mkavu, usio na huruma.

Binti yao wa pekee, Thuwaiba, alishikwa na homa kali, akawa anamwita baba yake.

"Bwana wangu," Bi Muzne akamsihi, "mwanao anakutaka. Kaa naye leo."

"Watu wananingoja," akasema, akavaa pete, akatoka.

Binti akafa alasiri ile. Mazikoni Sultani alilia hata mji mzima ukalia naye, na wanawake wakamwambia Bi Muzne, "Umejaliwa mume, bibi."

Siku moja Sultani alipokuwa hamamuni, Bi Muzne aliichukua ile pete akaifinya kwa uchungu, na mara akatokea jini, akainama.

"Mimi ni mtumwa wa pete. Kazi yangu ni kumvika bwana wangu uso upendwao na watu."

"Na machozi ya mazikoni?"

"Yalikuwa yangu, bibi. Yeye hakutoa hata moja."

Bi Muzne akasema, "Nenda zako. Uko huru."

"Nikienda, naondoka na uso ule."

"Ondoka nao."

Sultani alipotoka hamamuni akaenda barazani, walinzi hawakuutambua uso wake, wakamkamata wakidhani ni mwizi aliyemuua Sultani akavaa joho lake. Waziri akampeleka kwa Bi Muzne.

"Ewe malkia wetu, unamjua mtu huyu?"

"Muzne, waambie!" akalia Muhtadi.

Bi Muzne akajibu, "Namjua. Ndiye mume wangu. Miaka yote nimeishi na huyu."

Waziri akafuta machozi. "Maskini, akili zimemruka kwa msiba." Wakamfukuza Muhtadi nje ya malango, wala hakuonekana tena.

Raia wakamjengea Sultani wao kuba juu ya kaburi tupu, ubavuni mwa kaburi la Thuwaiba. Kila Ijumaa wanawake walimshika Bi Muzne mkono wakamleta pale, naye akamlilia mwanawe mpaka sauti ikamkauka, na wao wakanong'onezana, "Tazameni alivyompenda mumewe." Na ayajuaye ya nyoyoni ni Mola peke yake.