Kikaragosi cha Kondo

Mchoraji huchora sura, mtaa humtafuta wa kuivaa. Mmemwita Sudi kilegesi kwa kuwa ameketi kando ya mpira, nyanya yenu akawatupia maneno hayo, na sasa mnauliza yametoka wapi. Haya, kicheko kiwekeni kando. Methali hii ilianza hivi.

Kilosa palikuwa na mchoraji akiitwa Kondo, aliyechorea gazeti la kila wiki. Alibuni kikaragosi, Bwana Kilegesi, pande la mtu ambaye akiliona jembe tu hushika kifua, hutoa macho na kuketi chini. Ikija sahani ya pilau, hupona. Haukupita muda jina likatoka gazetini likaingia midomoni. Mchezaji aliyejiangusha uwanjani, kilegesi. Mwanafunzi aliyeumwa siku ya mtihani, amefanya kilegesi. Hata lori lililogoma mlimani liliitwa hivyo hivyo. Kondo akilisikia neno lake sokoni, kichwa kilimvimba. Nani kisingemvimba?

Kaka yake, Mbaraka, alikuwa mwashi. Siku hizo kifua kilikuwa kikimbana, lakini alimwambia mkewe tu, Bi Msimu, naye akamsihi aende hospitali.

"Nikaitwe kilegesi?" Mbaraka alijibu. "Na aliyemchora ni mdogo wangu?"

Jirani yao akafariki. Makaburini wanaume walipokezana jembe kama ilivyo desturi, na hapana aliyetaka kuliachia mapema. Zamu ya Mbaraka ilipofika, alichimba kidogo akasimama. Akashika kifua. Akaketi juu ya udongo, macho yamemtoka. Ilikuwa picha ile ile ya gazetini, na watu wakaangua kicheko, msibani.

"Kilegesi huyo," mmoja alisema. "Mleteeni pilau."

Kondo naye alicheka. Alicheka kuliko wote, masikini, kwa kuwa alijivunia mchoro wake.

"Kaka, inuka bwana," alisema. "Usiniaibishe mbele za watu."

Mbaraka alimtazama mdogo wake. Akachukua jembe, akashuka tena shimoni. Hakufika mbali. Walipomtoa alikuwa amekwisha kata roho, na kesho yake walichimba kaburi la pili ubavuni mwa lile la kwanza.

Baada ya arobaini, Kondo alimchora Bwana Kilegesi akizikwa, ili neno nalo lizikwe. Gazeti lilipotoka alipita kwenye kijiwe cha kahawa, akatega sikio.

"Hajafa huyo," walikuwa wakiambiana. "Amefanya kilegesi tu, anakwepa jembe."

Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Msimu, akakaa mkekani akalia.

"Shemeji, nimelifuta halifutiki. Mimi nilichora mvivu. Sikumchora kaka."

"Najua," alisema Bi Msimu, mkono ukiendelea kuchambua mchele. "Wewe ulichora sura. Mtaa ulitafuta wa kuivaa, ukampata mume wangu. Lakini siku anavishwa ulikuwepo, shemeji, ukimfunga vifungo."

Kondo hakuchora tena uso wa mtu. Alimalizia umri wake akiandika mabango ya maduka, na neno lake likabaki hai, mpaka leo limefika kwenu. Basi nendeni kwanza mkamuulize Sudi anaumwa wapi. Mchoraji huchora sura, mtaa humtafuta wa kuivaa.