Kishika Uchumba cha Mihambo

Alikuwako tajiri mmoja, Mihambo, mwenye wake watatu na tumbo la watu wanne. Alimtamani mjane Nyamizi kwa sababu tu Nyamizi hamtaki.

"Ukikataa tena, nafunga njia ya kisimani," alimwambia.

"Basi nakubali, baba. Ila kishika uchumba nataka ng'ombe wa maziwa, na hiyo njia iwe yangu mbele ya wazee. Desturi unaijua: mwanamume akivunja, harudishiwi kitu."

"Nivunje mimi? Labda niwe nimerogwa!" Akatoa vyote siku hiyohiyo.

Kesho yake alfajiri Nyamizi alikuwa barazani kwa Mihambo, mkeka kichwani. "Mume wangu, ndoa lini?" Mchana akarudi. Jioni akarudi na masufuria. Wiki haikuisha, Mihambo akawa anajificha ghalani.

"Nimeghairi," aliwaambia wazee. "Mwanamke ananing'ang'ania kama kupe!"

Nyamizi akaenda zake kukamua ng'ombe. Walipopishana kisimani, mjane hakumtupia tajiri hata jicho. Jioni hiyo Mihambo huyo, mlangoni.

"Nyamizi, nilikosea. Nakutaka."

"Sikutaki."

"Nakusihi!"

"Haya, nitafikiri. Lakini safari hii lete dume. Jike langu lina upweke."