Wajomba Wawili na Gari la Watoto

Hapo zamani za kale, si zile kale za mbali sana, maana magari yalikwisha kuwepo, aliishi mama mmoja, Nguchiro, na watoto wake wanane. Mnamjua nguchiro, yule mnyama mdogo, mwembamba, asiyetulia mahali pamoja. Mumewe alikuwa amefariki. Kaka zake wawili walikuja msibani, wakalia, wakala, wakasahau kuondoka. Mmoja ni Nyati, wa pili ni Duma.

Wewe hapo nyuma, usiniulize nguchiro alipataje kaka nyati na kaka duma. Nimesema ni kaka zake. Tuendelee.

Shule ilikuwa ng'ambo ya mto. Ukitoka nyumbani, kwanza ni uwanda mrefu wenye vichuguu, kisha mto, na mto wenyewe una tope na maji ya kifuani. Kifuani pa Nyati, si pa Nguchiro! Kwa hiyo watoto walizunguka mbali, darajani, wakafika shuleni wenzao wameanza kipindi cha pili.

Binti mkubwa aliitwa Sikujua. Mwaka uliopita alichelewa mtihani. Mwalimu Kongoni hana mchezo: siku ya mtihani, kengele ya pili ikilia, geti linafungwa, ulie, usilie. Sikujua akarudia darasa. Na safari hii Mwalimu alimwambia mama yake waziwazi, "Akichelewa tena mtihani, mama, nafasi yake nampa mwingine. Abaki nyumbani."

Nguchiro hakulala usingizi mzuri tangu siku ile. Akalima karanga, akavuna, akauza, akapata ya kununulia gari. Lililobaki lilikuwa kuchagua tu. Kuchagua tu, wanangu!

Kule njia panda, Kenge muuza magari alikuwa na mawili. Moja jekundu, dogo, la chini, la mbio. La pili jeusi, refu, pana, shangingi hasa. Nguchiro angelichukua lolote siku ileile, lakini Kenge alikataa.

"Bila kaka zako kukubaliana, Bi Nguchiro, siuzi. Sitaki kesi na mwenye pembe, sitaki kesi na mwenye meno."

"Basi mambo ya gari tuachie sisi wanaume," akasema Nyati, dada yake alipowaletea habari nyumbani.

"Wewe pika tu, dada," akasema Duma.

Wakakaa barazani, wakaanza.

"Jekundu!" akasema Duma. "Ukikanyaga mafuta, fyuuu! Umefika. Limekaa chini, kwenye kona halitikisiki."

"Na watoto wanane utawaweka wapi? Kwenye droo?"

"Wabanane! Watoto hukaa popote."

"Na vichuguu je?" Nyati akauliza. "Tumbo litakwangua, krrr, krrr, mpaka lote libaki njiani. Na mtoni? Litaogelea? Mimi nasema jeusi. Unakaa juu kama mtu, watu wote unawaona utosi."

"Hilo jeusi linakunywa mafuta kama ng'ombe wa kiangazi! Kuligeuza tu mpaka uende kijiji cha pili. Na dada atalipandaje? Kwa ngazi?"

"Atanunuliwa ngazi."

Nguchiro alikuwa jikoni akisonga ugali, na mwiko ulikuwa unagonga sufuria kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Akatoa kichwa mlangoni.

"Kaka zangu, mtihani ni mwezi ujao."

"Usituharakishe, dada. Gari si nyanya."

Basi, wiki ya kwanza walibishana habari za injini. Wiki ya pili walibishana rangi. Wiki ya tatu, jamani, walibishana nani atakaa mbele, katika gari ambalo halijanunuliwa! Wakanuniana. Duma akala amempa Nyati mgongo, Nyati akala amempa Duma mgongo, na Nguchiro akawapelekea maji ya kunawa huyu upande huu, yule upande ule.

Kila jioni Sikujua alirudi na miguu imevimba, akauliza, "Mama, wajomba wamechagua?"

"Bado, mwanangu."

"Leo wamebishana nini?"

"Honi," akajibu mama yake. "Wanataka kujua ipi inalia vizuri."

Mwezi ukaisha hivyohivyo. Ikafika Jumamosi, na mtihani ni Jumatatu asubuhi. Nguchiro akasimama mbele ya kaka zake, mikono kiunoni.

"Haya. Gari hakuna. Naomba kitu kimoja tu. Jumatatu, mmoja wenu awabebe watoto mgongoni, awafikishe shule."

Lo! Ungedhani amewatukana.

"Mimi?" Duma akaruka. "Mjomba mzima nibebe watoto mgongoni, mchana kweupe? Swala wataniita nani?"

"Mimi nina heshima zangu, dada," akasema Nyati. "Pembe hizi si za kuning'iniza mabegi ya shule."

"Na tonge zangu mnazokula kila siku, kaka? Nazo zina heshima?"

Wakatazama juu. Wakaanza tena: jekundu, jeusi, jekundu, jeusi. Nguchiro akahisi machozi ya hasira yanamjia. Akaenda nyuma ya nyumba, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akasema peke yake, "Mungu wangu, wana mbio na nguvu za kutosha nchi nzima, nami naambiwa nitafute chuma!" Kisha akafuta machozi, akacheka.

Jumapili asubuhi akamkuta Duma anaota jua.

"Kaka, nimepita kwa Kenge. Kasema neno, mimi silirudii."

"Lirudie."

"Aa, hapana. Litakuudhi."

"Dada!"

"Haya, umelitaka mwenyewe. Kasema, 'Duma analililia gari langu jekundu kwa sababu miguu imemwisha.'"

Duma akasimama manyoya yakiwa wima. "Ati nini? Imemwisha nani?"

"Nimekuambia sikutaka kusema. Anasema kesho asubuhi analitoa gari uwandani, lishindane nawe mpaka mtoni. Lakini gari litakuwa na watu, kwa hiyo nawe ubebe watu. Haki ni haki."

"Nitabeba watu! Wangapi?"

"Wanne. Na vitoto vyangu viwili ni sawa na mtu mmoja, kwa hiyo wanane."

"Walete!"

"Ila anasema njiani utageuka nyuma kwa woga."

"Nigeuke? Mimi? Kesho sigeuki hata nikiitwa na marehemu baba!"

Nguchiro akaenda zake. Adhuhuri akamkuta Nyati amejilaza topeni.

"Kaka, Kenge ana maneno, wee acha tu."

"Maneno gani?"

"Kasema, 'Nyati anataka shangingi kwa sababu siku hizi akiona mto anatetemeka magoti.'"

"Mmmmh!" Nyati akanguruma, tope likaruka mpaka kwenye kitenge cha Nguchiro. "Kasema hivyo? Yule Kenge mwenye ngozi ya viraka?"

"Kesho asubuhi anaingiza gari jeusi mtoni, na watu wanane ndani. Anasema wewe na wanane mgongoni hutafika hata katikati."

"Mwambie namsubiri ukingoni tangu alfajiri."

"Nitamwambia, kaka. Ila usikubali ageuze kichwa chako. Wewe tazama mbele tu, pembe juu."

Jumatatu jua lilipochomoza, watoto wanane walikuwa wamejipanga mgongoni kwa Duma, sare zimepigwa pasi, Sikujua mbele. Mwisho kabisa akapanda Nguchiro mwenyewe, ameshika chungu kitupu.

"Hicho chungu cha nini?" Duma akauliza.

"Uji wa watoto. Wewe shughulika na mbio."

"Na Kenge yuko wapi?"

"Yuko nyuma ya kichuguu kile, kwenye gari lake. Husikii?"

Nguchiro akaingiza mdomo chunguni, akavuta pumzi. "Vummm! Vum! Vuuuuummm!"

Masikio ya Duma yakasimama. "Limewashwa!"

"Limewashwa, kaka! Kimbia!"

Duma akachomoka, fyaaa! Nyasi zikalala. Vichuguu vikapita, kimoja, kingine, kingine. Na kila alipoongeza mwendo, gari liko palepale nyuma ya sikio lake, vuuummm! Akilipunguzia kidogo tu, linamngurumia. Akiongeza, nalo lipo. Duma hajapata kuona chuma king'ang'anizi namna ile.

"Bado liko nyuma?" akapiga kelele.

"Liko nyuma tu, kaka! Vuuumm... yaani, linanguruma! Kaza!"

Kitinda mimba akataka kucheka, Sikujua akamfinya. Hakuwa na hamu ya kucheka. Alikuwa anasikiliza kengele.

Wakafika mtoni. Duma akaanguka ukingoni, ulimi nje, mbavu zinapanda na kushuka.

"Nime... nimelishinda?"

"Umelishinda!"

Wakati huo, kutoka ng'ambo, ikasikika kengele ya kwanza. Ngeng! Ngeng! Ngeng!

"Mama!" Sikujua akapaza sauti.

"Panda kwa Mjomba Nyati, upesi!"

Nyati alikuwa amesimama majini hadi magotini, anapuliza pua. Watoto wakahamia, wanane wote, na mama yao na chungu chake, mabegi yakaning'inia kwenye pembe, wala mwenyewe hakuyaona.

"Liko wapi hilo shangingi?"

"Linateremka ukingo, kaka! Vummm! Tazama mbele!"

Nyati akaingia, chubwi! Maji yakamfika tumboni, yakamfika kifuani. Tope likamvuta miguu, akaing'oa, mmoja, wa pili, huku akihema. Nguchiro naye akanguruma chunguni mpaka koo likamkauka. Wakafika katikati, mto ukachachamaa, Nyati akayumba, watoto wakapiga ukelele.

"Nimechoka," Nyati akasema chini chini.

Nguchiro akatazama ng'ambo, akaliona geti, akamwona Mwalimu Kongoni amekwisha kushika kamba ya kengele. Basi akakizamisha chungu majini, mdomo chini, akapuliza kwa nguvu zake zote. Blu-blu-blu-blu!

"Kaka! Umesikia? Maji yanaingia kwenye injini! Linazama! Wewe ukisimama, watasema mmezama wote wawili!"

"Nizame mimi? Pamoja na chuma? Thubutu!"

Nyati akajikaza, akainama, akapasua maji. Chubwi, chubwi, chubwi, akakanyaga kavu. Ngeng! Kengele ya pili ikaanza. Sikujua akaruka kutoka utosini kwa mjomba wake, ndugu zake nyuma yake, akatimua vumbi. Geti lilikuwa linafungwa, kriii. Akapita chini ya kwapa la Mwalimu Kongoni, na saba wengine wakapita katikati ya miguu yake. Paa! Geti likafungwa. Wote wakiwa ndani.

Nguchiro akateremka mgongoni kwa Nyati, akakaa chini palepale. Akalia kidogo, na safari hii hakuwa na hasira na mtu.

Nyati akamrudisha upande wa pili, alikokuwa Duma, ambaye sasa pumzi imemrudia na maswali nayo.

"Dada. Mbona gari lenyewe silioni?"

"Kaka, wewe uligeuka nyuma?"

"Mimi? Nigeuke?"

"Basi ungelionaje?"

Duma akafikiri. Akaona jibu linamsifu, akaliacha lilivyo.

"Na langu?" akauliza Nyati.

Nguchiro akautazama mto. "Lile? Mpaka sasa halijatoka majini."

Nyati akacheka mpaka maji yakaruka. "Kama ni hivyo, gari la kushindwa na mimi la nini?"

"Hata mimi," akasema Duma, "jekundu silitaki tena. Polepole mno."

Mnaona? Mwezi mzima wa kelele, na hiyo ndiyo mara ya kwanza wale wawili kukubaliana jambo. Nguchiro akajikung'uta sketi.

"Ni kweli kabisa, kaka zangu. Ila Kenge hakubali. Anasema leo magari yake yalikuwa na baridi. Anataka marudio kesho."

"Aje!" akasema Duma.

"Na keshokutwa."

"Aje!" akasema Nyati.

"Na kila asubuhi, mpaka shule zifungwe. Halafu jioni, kurudi, anasema ndiko magari yake yana nguvu zaidi."

"AJE!" wakasema wote wawili kwa pamoja, na ndege wa mtoni wakaruka.

Sikujua akawa wa tatu darasani. Akiba ya karanga ikaezeka nyumba mabati mapya, maana ya zamani yalikuwa yanavuja. Na Kenge, kule njia panda, hajui mpaka leo kwa nini kila mara Nyati na Duma wakipita wanamcheka.

Hapo ndipo ninapowashusha, wanangu, na la kuondoka nalo ni hili: anayeshinda kutwa akisifu nguvu zake, usibishane naye, mpe mzigo unaolingana na sifa zake.